Virutubisho vya mafuta, sukari, mifupa na uzito kwa anayetumia ARV: kipi uchukue, kipi uache

Kopo la mafuta ya samaki huandikwa mbele, kwa herufi kubwa, miligramu 1,000. Ligeuze usome nyuma. Kwenye kapsuli nyingi za kawaida utakuta EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120. Hizo mbili ndizo omega-3 zinazofanya kazi. Miligramu 700 zilizobaki ni mafuta mengine tu. Kiasi kinachoshusha trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, mpaka maabara ione ni gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku. Anayemeza kapsuli moja kila asubuhi anapata gramu 0.3. Ili afikishe gramu 3 itabidi ameze kapsuli 10 kila siku, na kopo la kapsuli 60 litamwishia kwa siku 6.

Ndiyo maana watu wawili husema wote wanatumia omega-3, mmoja akashuka na mwenzake akabaki palepale. Ulinganisho huu unafuata tatizo lililoandikwa kwenye karatasi ya majibu, si sifa zilizoandikwa kwenye kopo. Kwa kila kirutubisho kuna maswali mawili: kinaigusa vipi ARV, na ni namba ipi kinapaswa kuisogeza? Kikishindwa swali la pili, umepoteza pesa. Kikishindwa la kwanza, wingi wa virusi unaweza kupanda kimyakimya na virusi vikawa sugu kwa dawa nzuri.

Trigliseridi zikiwa juu

Hapa omega-3 ina nafasi yake halali. Watafiti wa ACTG, mtandao wa Marekani wa majaribio ya tiba za VVU, waliilinganisha na fenofibrate, dawa ya hospitali ya kushusha trigliseridi, kwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa na trigliseridi kuanzia 400 mg/dL, yaani karibu 4.5 mmol/L. Mafuta ya samaki gramu 3 mara mbili kwa siku yalizishusha kwa takriban asilimia 46, na fenofibrate kwa takriban asilimia 58. Ambao kimoja hakikuwatosha walipewa vyote viwili, wakashuka kwa karibu asilimia 65.

Kwa nguvu na kwa wepesi wa kumeza, fenofibrate inashinda: kidonge kimoja kwa siku. Kwa mwenye figo zilizochoka, omega-3 inashinda, kwa sababu fenofibrate hupandisha kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na haifai pale figo zinapokuwa zimeharibika sana. Omega-3 haigombani na ARV yoyote inayotumika kwa wingi. Ila ina yake: dozi kubwa huongeza uwezekano wa moyo kupiga ovyoovyo, na kwa baadhi ya watu LDL, yaani lehemu mbaya, hupanda kidogo. Mwenye historia ya mapigo yasiyo na mpangilio asianze bila daktari kujua.

Mafuta ya ini la chewa si sawa na mafuta ya samaki, hata kama yamepangwa rafu moja. Yana vitamini A na D. Ukiyanywa kwa wingi ili ufikie gramu 3 za omega-3, vitamini A itafika kiwango cha kudhuru ini kabla hujafika unakotaka.

Niasini hushusha trigliseridi pia, lakini hupandisha sukari na kuzidisha usugu wa insulini (mwili kutoitikia insulini vizuri), tatizo ambalo wengi wanaotumia ARV tayari wanalo. Iache.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kipimo kilichukuliwa ukiwa hujala kwa masaa 8 hadi 12 na hujanywa pombe usiku wake. Ikiwa ARV yako ina lopinavir na ritonavir, au efavirenz, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayopandisha trigliseridi, na kubadilishiwa dawa kukafanya kazi kuliko kopo lolote. Trigliseridi zikizidi 500 mg/dL (5.6 mmol/L), kongosho iko hatarini. Hapo si suala la virutubisho tena.

Lehemu mbaya, LDL

Mshindani mkubwa dukani ni mchele mwekundu uliochachushwa kwa hamira. Huuzwa kama kitu cha asili, na kweli hushusha LDL. Unashusha kwa sababu una monakolini K, na monakolini K ni lovastatin ileile ya kiwandani kwa jina lingine. Lovastatin hairuhusiwi kabisa pamoja na ritonavir au cobicistat. Dawa hizo mbili hufunga kimeng'enya cha ini kinachoivunja, kwa hiyo hujazana mwilini na misuli huanza kuharibika. Dalili ni maumivu ya misuli yasiyo na sababu, udhaifu, mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, figo hufuata. Soma chupa yako ya ARV: ukiona darunavir, lopinavir au atazanavir, karibu hakika kuna ritonavir au cobicistat ndani au pembeni yake. Cobicistat imo pia kwenye kidonge chenye elvitegravir.

Anayetumia dolutegravir na dawa zake mbili za kawaida hana mgongano huo, lakini bado hajui anameza kiasi gani, maana monakolini K hutofautiana mno kati ya kopo na kopo. Baadhi ya makopo yamewahi kukutwa na citrinin, sumu ya ukungu inayodhuru figo. Anayetaka statini, yaani dawa ya kushusha lehemu ya kundi la lovastatin, achukue yenye dozi inayojulikana.

Na kwa watu wanaoishi na VVU, statini ina ushahidi ambao hakuna kirutubisho kinachoukaribia. Jaribio la REPRIEVE lilihusisha watu 7,769 wenye umri wa miaka 40 hadi 75, ambao hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilihesabiwa kuwa ndogo au ya wastani. Matokeo yalitoka mwaka 2023: pitavastatin miligramu 4 kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Pitavastatin haitegemei sana kimeng'enya kile kinachofungwa na ritonavir. Mwenye miaka 40 na zaidi aliulize jambo hili kliniki, hata kama LDL yake si ya kutisha.

Kwa ambaye LDL imepanda kidogo tu, au anayetaka kitu cha kusaidiana na statini, maganda ya ispaghula (psyllium kwenye makopo mengi) yanafaa. Gramu 10 kwa siku hushusha LDL kwa takriban 0.3 mmol/L. Anza na gramu 3 hadi 5 kwa siku, uongeze baada ya wiki, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha. Koroga kwenye glasi ya mililita 250, unywe papo hapo kabla haijawa uji mzito, kisha ongeza glasi nyingine ya maji. Kosa la kawaida ni maji machache: unga huvimba kooni au utumbo hufunga. Acha nafasi ya masaa 2 kati ya maganda haya na dawa zote.

Sukari na usugu wa insulini

Wanaoshindana hapa ni berberini (kiambato cha mimea), kromiamu, mdalasini na metformin, dawa ya hospitali ya kisukari, na si mashindano ya wanaolingana.

Berberini hushusha sukari kweli. Tatizo ni kwamba inabana vimeng'enya vya ini, kikiwemo CYP3A4 kinachoshughulikia ARV nyingi, na haijapimwa ipasavyo sambamba na ARV moja moja. Ukiichanganya na dawa nyingine za kisukari kama glibenclamide au insulini, sukari inaweza kushuka mno. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse. Kromiamu ilionyesha dalili njema kwenye majaribio madogo kwa watu wenye VVU na usugu wa insulini, ila athari ni ndogo na haitabiriki. Kidonge cha mdalasini mara nyingi ni cha aina ya kasia, chenye kumarini inayochosha ini ikiwa nyingi. Wa kutia kwenye chai si tatizo.

Metformin inajulikana, inapimika, na mgongano wake na ARV una namba. Dolutegravir miligramu 50 mara moja kwa siku huongeza metformin mwilini kwa takriban asilimia 79. Ikitumika mara mbili kwa siku, kama kwa anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin, huongeza zaidi ya mara mbili, ingawa rifampicin yenyewe hubadilisha hesabu hiyo. Kwa hiyo anayeanza metformin juu ya dolutegravir asipite miligramu 1,000 kwa siku mpaka daktari aone figo na tumbo vinavyoitikia. Kuharisha na kichefuchefu kikali mara nyingi ni dozi iliyozidi, si "mwili kukataa dawa".

Kirutubisho kinachostahili kukaa na metformin ni vitamini B12. Ukiitumia metformin kwa miaka, B12 hupungua na ganzi miguuni huja, ikadhaniwa ni VVU au kisukari. Pima B12 kwanza. Ikiwa chini, kidonge cha mikrogramu 1,000 kwa siku huwatosha wengi.

Kuhusu kipimo: HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, huweza kusoma chini ya ukweli kwa anayeishi na VVU, hasa akitumia abacavir au zidovudine. Ukipimwa ili kujua kama kirutubisho kimesaidia, taka sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe pembeni ya HbA1c.

Mifupa: kalsiamu, vitamini D, na mtego wa madini

Tenofovir disoproxil hupunguza uzito wa mfupa, hasa mwaka wa kwanza. Efavirenz huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D. Katika jaribio lingine la ACTG, watu walioanza efavirenz, emtricitabine na tenofovir walipewa kila siku vitamini D3 uniti 4,000 na kalsiamu miligramu 1,000, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Baada ya wiki 48, mfupa wa nyonga ulipungua kwa takriban asilimia 1.4 kwa waliopewa virutubisho na asilimia 3.2 kwa wengine. Kati ya yote yaliyomo humu, hiki ndicho kirutubisho tunachokipa uzito mkubwa, kwa sababu namba iliyokusudiwa ilisogea. Lakini usinunue vitamini D ukitarajia ishushe sukari au uzito. Uniti 4,000 ndicho kikomo cha kila siku kwa mtu mzima asiyefuatiliwa. Kuzidisha kwa muda mrefu hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuunda mawe ya figo.

Vitamini D peke yake haigombani na ARV. Kalsiamu ndiyo yenye mgongano.

Dolutegravir, bictegravir na raltegravir huzuia virusi kwa kung'ang'ania chembe mbili za magnesiamu zilizo ndani ya kimeng'enya cha virusi. Kucha zilezile hushika madini yoyote zinayoyakuta tumboni: kalsiamu, chuma, magnesiamu, alumini, zinki. Dawa ikishikana na madini, haipiti ukuta wa utumbo; inatoka ilivyo. Mtu hahisi chochote. Amemeza dawa kila siku, hajakosa hata moja, na miezi kadhaa baadaye wingi wa virusi unaonekana, kliniki inamhoji kuhusu ufuasi.

| ARV | Kalsiamu, chuma, multivitamini yenye madini | Dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesiamu |
|---|---|---|
| Dolutegravir | Zimezwe pamoja na chakula. Bila chakula: ARV itangulie masaa 2, au ije masaa 6 baadaye | ARV itangulie masaa 2 au ije masaa 6 baadaye, chakula hakiokoi |
| Bictegravir | Kama dolutegravir | Kama dolutegravir |
| Raltegravir | Inategemea nguvu ya kidonge. Muulize mfamasia | Visitumike pamoja kabisa |
| Rilpivirine ya kumeza | Chuma hakina shida. Kalsiamu kaboneti ihesabiwe kama dawa ya kiungulia | ARV itangulie masaa 4, au ije masaa 2 baadaye |
| Sindano ya cabotegravir na rilpivirine | Hakuna mgongano | Hakuna mgongano |

Kidonge cha magnesiamu au zinki peke yake kipewe ratiba ya dawa ya kiungulia, ndiyo njia ya usalama. Kwa rilpivirine tatizo si madini bali asidi: inaihitaji ili iyeyuke, kwa hiyo omeprazole na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, haziruhusiwi nayo hata ukitenganisha masaa.

Kwa vitendo: anayemeza dolutegravir saa 3 usiku ana mchana kutwa. Chuma saa 7 mchana kinaacha masaa 8, salama. Anayemeza saa 1 asubuhi anaweza kumeza kalsiamu saa 4 asubuhi na nyingine saa 3 usiku. Anayebanwa ni wa rifampicin mwenye dolutegravir mara mbili, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kama hamezi pamoja na chakula, nafasi yake ya mchana ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana tu, na ya usiku ni kuanzia saa 3. Mjamzito asiache chuma na asidi ya foliki kwa kuogopa mgongano. Avimeze pamoja na dolutegravir kwenye mlo kamili.

Kati ya aina za kalsiamu: kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi, hivyo kidonge cha miligramu 1,250 kinakupa 500, na inataka chakula. Sitreti ina asilimia 21, vidonge ni vingi zaidi, lakini inafyonzwa hata tumbo likiwa tupu au asidi ikiwa chache. Usimeze zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu halisi kwa mara moja, maana ziada hupita tu.

Jihadhari na madini yaliyojificha: vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, poda za protini, vinywaji vya kubadilisha mlo, dawa za kulainisha choo zenye magnesiamu.

Multivitamini: dozi ya kawaida dhidi ya dozi kubwa

Jaribio moja liliwapima watu 3,418 waliokuwa wakianza ARV jijini Dar es Salaam. Nusu walipewa vitamini B, C na E kwa kiwango cha mahitaji ya kila siku, nusu kwa mara kadhaa ya kiwango hicho. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuendelea kwa ugonjwa. Kilichoongezeka ni kimeng'enya cha ini, ALT: matukio ya kuzidi 40 yalikuwa 1,239 upande wa dozi kubwa na 879 upande wa dozi ya kawaida. Jaribio likasimamishwa mapema, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012.

Kwa hiyo, kama mlo ni haba, chukua kidonge kimoja chenye takriban asilimia 100 ya mahitaji ya siku, uheshimu masaa ya madini. Kopo lenye asilimia 1,000 au zaidi kwa kila vitamini liache hapo lilipo. B6 ya dozi kubwa kwa muda mrefu huleta ganzi ileile watu wanayoinunulia.

Uzito uliopanda baada ya kubadilishiwa dawa

Uzito hupanda kwa wengi wanaotumia dolutegravir au bictegravir, zaidi zikiwa pamoja na tenofovir alafenamide. Inaumiza kuuona mwili ukibadilika wakati umefanya kila ulichoambiwa, na hapo ndipo vidonge vya kupunguza mwili hupata wateja.

Orlistat huzuia mafuta kufyonzwa, na kuna taarifa za wagonjwa ambao virusi vilirudi kuonekana baada ya kuianza, kwa sababu baadhi ya ARV hupita na mafuta. Chai ya kijani ya kunywa haina neno; iliyokamuliwa ikawekwa kwenye kapsuli ni kitu kingine. Ikifikia miligramu 800 za EGCG, kiambato chake kikuu, kwa siku huweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Michanganyiko isiyotaja viambato ndiyo mibaya kuliko yote, kwani baadhi imekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa ajili ya hatari ya moyo.

Tafuta pia kwenye orodha ya viambato Hypericum perforatum (St John's wort), mmea unaotiwa kwenye vidonge vya hisia na usingizi. Huharakisha ini kuvunja ARV nyingi, zikiwemo za sindano. Haupaswi kukaa nyumba moja na ARV. Vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza saquinavir mwilini kwa takriban nusu. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina shida.

Poda ya protini haipunguzi mwili yenyewe, ila husaidia kulinda misuli kwa anayekula kidogo akifanya mazoezi. Gramu 20 hadi 25 kwa mara moja zinatosha.

Unapojaribu kimoja

Anza kimoja, si viwili. Pima namba yake kabla, meza kwa wiki 12 bila kubadilisha dozi, pima tena kwenye maabara ileile. Haikusogea? Acha. Ikiwa chenye madini kimeingia kwenye ratiba yako, omba wingi wa virusi upimwe pia ndani ya kipindi hicho.

Siku ya kipimo, sema kila unachomeza. Kreatini ya wanamazoezi hupandisha kreatinini ya damu, na dolutegravir nayo huipandisha kidogo bila kuidhuru figo. Vyote viwili pamoja vinaweza kumfanya daktari akuondolee tenofovir isiyo na kosa. Biotini ya nywele na kucha huvuruga vipimo vya tezi na vya moyo, kwa hiyo isimamishe angalau siku 2 kabla, na kama dozi ni kubwa uliza maabara kama siku ziongezwe. Na usitaje jina tu. Peleka kopo lenyewe, kwa sababu "omega plus" ya kampuni moja ni mafuta matupu, na ya kampuni nyingine ina chuma miligramu 14 na zinki 10 kwenye mstari wa mwisho wa lebo.